Hongera na Pole (Simulizi za Zamu, sehemu ya 9)

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu presha ya ujauzito. Itakuja, msinichoke. Leo naomba niandike kuhusu tanakuzi.

Najua kuna mtu ameshasema, "Nesi na tanakuzi wapi na wapi?" Kaa hapo hapo, tutafika.

Kama ulipita sekondari, unazikumbuka tamathali za semi. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni: tanakuzi ni kuweka pamoja maneno yenye maana zinazopingana. Mfano, kukopa harusi kulipa matanga. Harusi na matanga, vigelegele na vilio, vyote ndani ya maneno manne. Halafu kuna nduguye, kweli kinzani: kauli nzima inayoonekana haiwezekani, lakini ukiitafakari unakuta ni kweli. Kuinamako ndiko kuinukako. Mtihani ukiuliza kazi ya tamathali hizi, tunajibu: kupamba lugha na kumvutia msomaji. Unapewa alama zako, maisha yanaendelea.

Niliishi na jibu hilo miaka mingi. Wodini ndiko nilikoligundua kwamba halitoshi.

Nilikuwa wodi ya wazazi, zamu ya usiku. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mhusika asitambulike.) Alikuja mama wa mapacha. Mtoto wa kwanza alitoka analia, sauti imejaa chumba. Wa pili alitoka kimya. Tulimfuta, tukamsisimua, tukampa hewa kwa ambu, tukafanya yote tuliyofundishwa. Hakupumua.

Asubuhi nikapita kitandani kwa yule mama kumpima presha na kuangalia kama damu inatoka kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka, na ukichoka mdomo unatoa maneno uliyoyazoea. Nikasema, "Hongera mama. Mshukuru Mungu, mmoja yupo."

Nilidhani namfariji. Aliniangalia kwa muda, mtoto yuko kifuani ananyonya, kisha akasema taratibu, "Sista, hongera nimeipokea. Na pole yangu iko wapi?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilimwambia pole, nikakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo huwa tunakatazwa. Ndipo akaniuliza yule aliyefariki alikuwa wa kike au wa kiume. Usiku kucha hakuna aliyemwambia. Sote, na mimi nikiwemo, tulikuwa tumekimbilia kwa yule anayelia.

Nilirudi nyumbani usingizi hauji. Nikawa namwazia Said Ahmed Mohamed, mwandishi wetu mzaliwa wa Pemba. Riwaya yake moja inaitwa Asali Chungu. Nyingine inaitwa Kiza katika Nuru. Zamani niliona majina hayo kama mbwembwe za kuuzia kitabu. Asali inakuwaje chungu? Asubuhi ile nilikuwa nimeiona kwa macho yangu: mama ana mtoto kifuani na msiba kifuani hapo hapo. Hakukuwa na saa ya furaha ikafuatiwa na saa ya huzuni. Vilikuwa pamoja, ndani ya pumzi moja. Ukitaka kuliandika jambo hilo kwa usahihi, utalazimika kuweka pamoja maneno mawili yanayogombana. Hapo hujapamba kitu, umeripoti ulichokiona.

Kezilahabi naye. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, inabeba jina ambalo Wakatoliki wanamwita Bikira Maria, waridi lenye fumbo. Lakini anayelibeba kitabuni ni msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, mlevi, anambana kwa ukali kupita kiasi akiogopa asije akaharibikiwa. Akitoka nje ya macho ya baba, hajui kabisa namna ya kuishi na uhuru. Ulinzi ule ule ndio uliomwangamiza. Ukimwambia mzazi "usimbane sana mtoto" anaitikia na kusahau. Akiisoma kweli hiyo ndani ya maisha ya Rosa, haisahau.

Hata jina la tamathali yenyewe lina vituko. Wazungu wanaiita oksimoroni, kutoka Kigiriki: oksi ni kali, moro ni butu au pumbavu. Yaani ukali butu! Neno linajipinga lenyewe. Sisi manesi hiyo oksi tunaifahamu kwa njia nyingine, imo kwenye oksitosini, jina lenye maana ya uzazi wa haraka. Na dawa hiyo nayo ni kweli kinzani kamili. Mama akishajifungua, inamwokoa asipoteze damu. Ukiitumia ovyo kabla hajajifungua, inaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Na Kiswahili chetu je? Fikiria neno uchungu. Ni ladha ya mwarobaini. Ni kinachomshika mfiwa. Na ni maumivu yanayomleta mtoto duniani. Ndugu wakipiga simu tunawaambia "uchungu umeanza", nao wanafurahi! Lugha yetu ilishajua zamani kwamba vitu hivi vinakaa nyumba moja.

Sasa nikuonye kidogo. Si kila maneno yanayopingana ni tanakuzi nzuri. Ukiambiwa "huduma ni bure, ila njoo na glovu zako", hiyo haina kina chochote. Upande mmoja ni kweli, upande mwingine ni pazia. Mwandishi akiitumia atakuwa anapiga kinaya, anataka tucheke kisha tukasirike. Kwenye tanakuzi ya kweli pande zote mbili zinasimama. Ukiondoa moja, iliyobaki inakuwa uongo.

Mimi naipima hivi. Hongera yangu ya asubuhi ile, ikiwa peke yake, ilimfuta mtoto mmoja. Lakini ningesema pole tupu, nayo ingekuwa uongo, maana ingemzika aliye hai pamoja na aliyekufa. Ukweli wa mama yule ulihitaji maneno yote mawili. Nililiacha moja kwa sababu lilikuwa zito kulitamka.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mazoezi: someni riwaya. Wananicheka, wanadhani nawapa mapumziko. Kitabu cha uuguzi kitakufundisha kuzuia damu, na usipokijua utaua mtu. Ila kukaa mbele ya mtu mwenye mambo mawili yanayopingana bila kumlazimisha achague moja, mimi kwa sehemu kubwa nimejifunza kwa wanaoandika hadithi. Na kwa mama yule.

Na wewe unayesoma, siku ukienda kumtembelea mtu wa namna hii, usianze na "angalau". Angalau mmoja amebaki. Angalau wewe umepona. Angalau bado una umri. Hayo ni maneno ya kutupunguzia mzigo sisi tuliosimama. Sema hongera, sema pole, halafu nyamaza. Akitaka kumtaja aliyeondoka, mwache amtaje.

Wiki kadhaa baadaye nilimwona kliniki, kaleta mtoto kwenye chanjo. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akasema Kulwa.

Unajua maana yake. Kulwa ni pacha wa kwanza kuzaliwa, na ukisikia Kulwa lazima uulize Doto. Akaniambia ndugu walimsihi abadilishe jina, eti mtoto atasumbuliwa na maswali maisha yake yote, na yeye mama atakuwa anatoneshwa kidonda kila siku. Akakataa.

"Wakiuliza Doto yuko wapi, nitawajibu," akasema. "Nilizaa wawili, sista."

Safari hii sikukosea. Nikamwambia hongera, nikamwambia na pole. Akacheka huku anafuta macho, akamgeuza Kulwa nikamchoma sindano yake, mtoto akaangua kilio.

Jumapili ijayo ni presha ya ujauzito. Kweli safari hii.