Mpira Uko Wapi Sasa?

Huenda wengi wenu mtashangaa kukuta katika ukurasa huu wa nyumbani habari za gofu, mchezo unaodhaniwa kuwa wa matajiri peke yao. Mimi mwenyewe sijapata kumiliki hata fimbo moja ya mchezo huo. Lakini nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Uganda, mji wetu ulikuwa na kiwanja cha gofu, na kila likizo mimi na vijana wenzangu tulikwenda huko kuwa makedi, yaani wachukuzi wa mifuko ya fimbo, ili tupate fedha za madaftari na sare. Huko ndiko nilikopata somo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha, na ambalo nililisahau siku ile ile nilipolihitaji mno.

Mabwana wawili walipenda kucheza pamoja. Mmoja alikuwa mfanyabiashara kijana, mwenye nguvu, aliyeupiga mpira ukapaa mpaka ukapotea machoni. Wa pili alikuwa karani mstaafu, mwembamba, asiyeupeleka mpira mbali. Hata hivyo, jioni walipohesabu, mzee ndiye aliyekuwa akishinda mara nyingi. Kijana alipokosea aligeuka kunikaripia mimi, kisha akaupiga mkwaju uliofuata kwa hasira, naye akaharibu zaidi. Mzee alipokosea alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, mpira uko wapi sasa?" Hakuuliza kamwe kwa nini umekwenda huko.

Tangu wakati ule nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa kinachomtenganisha mchezaji mkuu wa kulipwa na yule aliye hodari tu. Maana wote ni hodari. Mchezo wenyewe ni wa kuupiga mpira mdogo mpaka uingie katika shimo. Mashimo ni 18, na anayetumia mikwaju michache ndiye mshindi. Mashindano makubwa huchukua siku 4. Basi anayemshinda mwenzake kwa mkwaju mmoja tu kila siku, humshinda kwa mikwaju 4 mwisho wa mashindano, na mara nyingi hiyo yatosha kumtenga bingwa na mtu ambaye jina lake halitajwi tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alichunguza mamilioni ya mikwaju iliyoandikwa katika mashindano ya nchi hiyo, na mwaka 2014 akatoa kitabu. Alionyesha kwamba mpira ukiwa futi 8 tu kutoka shimoni, wachezaji wa kulipwa huutumbukiza mara moja katika kila mara mbili. Ukiwa futi 20, huutumbukiza mara 15 hivi katika 100. Nilipoyasoma hayo nilistaajabu, kwa kuwa nilidhani watu wale hawakosi. Tena ustadi wa kutumbukiza, ambao watazamaji huushangilia sana, huchangia asilimia 15 hivi tu ya ubora wa wachezaji bora. Theluthi mbili hivi ya ubora huo hutokana na mikwaju ya mbali, ile ambayo hapana anayeipigia makofi. Nadhani maana yake ni hii: mkuu naye hukosa, lakini hukosa kwa karibu.

Mtazameni Tiger Woods. Katika mashindano mengi, siku mbili za kwanza zikiisha, wachezaji hupunguzwa, na walioshindwa hufunga mizigo yao. Kati ya mwaka 1998 na 2005 Woods alivuka mchujo huo katika mashindano 142 mfululizo. Haiyumkiniki kwamba kwa miaka yote hiyo hakuamka na mgongo mzito au moyo mzito. Bali hata siku zake mbaya hazikuharibika kabisa. Naye Jack Nicklaus alishinda mashindano makuu mara 18, kati ya mwaka 1962 na 1986. Wachache hukumbuka kwamba katika mashindano hayo hayo alikuwa wa pili mara 19. Aliyeshinda kuliko wote alizoea pia kushindwa, na wiki iliyofuata akarudi uwanjani.

Mwaka 1978 Mhispania Seve Ballesteros alishinda mashindano ya wazi ya jirani zetu wa Kenya. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa Lytham, Uingereza, katika siku ya mwisho ya mashindano ya wazi ya huko. Katika shimo la 16 aliupiga mpira ukaenda upande, ukaangukia mahali palipoegeshwa motokaa. Aliruhusiwa kuuweka mahali pa wazi, akaupiga mpaka karibu na shimo, akautumbukiza. Shimo lililowekewa mikwaju 4 alilimaliza kwa 3, na siku hiyo akawa bingwa.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1999, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho huko Carnoustie, Scotland, akiwaongoza wenzake kwa mikwaju 3. Hata angalitumia mikwaju 6 angalishinda. Mkwaju wa kwanza ulikwenda pembeni, lakini haukumdhuru. Angaliweza kuurudisha mpira njiani polepole. Badala yake aliupiga kwa mbali. Ukagonga jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma katika majani marefu. Kutoka hapo akaupiga tena kulekea shimoni, ukatumbukia mtoni. Akavua viatu na soksi, akaingia majini, akasimama akiutazama mpira ulivyozama, hata mwisho akakubali adhabu ya mkwaju mmoja. Alimaliza kwa 7, na katika marudio ushindi ukamwendea Paul Lawrie wa Scotland. Simcheki bwana huyo. Nimezitazama picha za tukio lile mara nyingi, na kila mara naona ninajitazama mimi.

Miaka michache iliyopita, katika ofisi ninayofanya kazi, nilikuwa nikiandaa orodha ya mishahara ya walimu. Niliruka ukurasa mmoja wenye majina 11. Niligundua kosa langu jioni, orodha ikiwa imekwisha kwenda. Ningalisema kesho yake asubuhi, lingalisahihishwa. Lakini niliona haya, nikanyamaza. Mwezi wa pili niliyapachika majina yale bila barua ya maelezo, nikitumaini kwamba hapana atakayeuliza. Waliuliza, wakayakataa. Kosa la dakika moja likawa njaa ya miezi miwili katika nyumba 11. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nilikuwa nimeutazama ufa ule kila siku.

Hatimaye niliingia kwa mkuu wangu, mama mtu mzima, nikamwambia, "Mama, kosa ni langu." Nilingoja kukaripiwa. Alivua miwani yake, akauliza, "Mwalimu, majina ni mangapi, na yapo wapi hivi sasa?" Tulifanya kazi mpaka usiku. Barua ya onyo ilikuja baadaye, nami niliistahili.

Mmoja wa walimu wale alikuwa mwenzangu chuoni. Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha chai, kisha akasema, "Bwana, kukosea ni kwa kila mtu. Lakini ungaliniambia siku ile, ningalikopa mapema, na mtoto angalifanya mtihani wake." Sikuwa na la kujibu. Hata leo tukikutana husalimiana vema, lakini chai hiyo haijarudiwa.

Ndiyo sababu nimeleta habari hizi katika ukurasa huu, ndugu wazazi. Mwezi uliopita binti yangu alivunja kioo cha jirani, akajificha nyuma ya jiko mpaka giza likaingia. Nilipomwona nilikuwa nimekwisha kuinua sauti, kama yule mfanyabiashara kijana. Ndipo nilipomkumbuka mzee wangu na kitambaa chake. Nikamshika binti mkono, nikamwuliza, "Mwanangu, vipande viko wapi sasa?" Alinionyesha. Tulivikusanya pamoja kwa taa, kisha tukaenda sote wawili kubisha hodi kwa jirani.