Arubuni ya Nafsi

Jumamosi nilitoka na pikipiki yangu kuukuu kuchukua dawa za mama Kibokoni, kuvuka Likoni kumpelekea binti yangu karo, kisha kununua samaki Kongowea. Njiani nikasimama dukani mbele ya pikipiki mpya, nyekundu, inayong'aa. Muuzaji akasema, "Sheikh, lete arubuni leo, zilizobaki utalipa kila mwezi, na riba yake ni ndogo tu."

Mkono wangu ukaigusa bahasha ya karo. Mimi, ninayekataza riba mimbarini!

Nikamwomba Mola msamaha, nikaikanyaga kiki ya ile kuukuu. Ikawaka mara ya tatu. Baada ya Isha nikamweleza mke wangu. Akatabasamu: "Hiyo ya zamani, bwana, haituamshi usiku kwa deni."

Wapenzi wasomaji, ndevu huota mvi, nafsi haizeeki. Tuichunge.