Macho ya Wavu

Kwa wahakiki wa fasihi, mwigo ni dhana kongwe: msanii huutazama ulimwengu, akausawiri kwa maneno, na msomaji akakubali kwa muda kwamba kivuli ni mtu. Wahandisi nao wana mwigo wao. Kabla ya bwawa au daraja kujengwa, huigwa ndani ya tarakilishi, likabebeshwa mizigo na kupigwa na pepo ambazo hazijavuma. La ajabu ni kwamba mwigo huu wenye kubeba roho za watu mara nyingi huaminiwa bila kuhakikiwa. Kijana anayehitimu leo aweza kujifunza vitufe vya programu kwa juma moja. Kinachoendelea nyuma ya vitufe hivyo chaweza kumchukua miaka.

Ukuta wa zege una nukta zisizohesabika, na milinganyo ya mkazo katika kila nukta haitatuliki kwa kalamu ila kwa maumbo mepesi. Basi ukuta hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikapewa hesabu nyepesi, kisha vyote vikaunganishwa katika mfumo mmoja. Richard Courant alilidokeza wazo hili mwaka 1943; Ray Clough akalipa jina mwaka 1960. Mgawanyo huo ni kama wavu wa mvuvi. Macho yakiwa makubwa, dagaa hupenya; na dagaa hapa ni mkazo uliojibana pale kuta mbili zinapokutana. Tarakilishi haitasema ni nini kilichopenya. Itatoa tarakimu nyingi na rangi za kupendeza, mithili ya mzungumzaji fasaha asiyejua anenalo.

Mnamo tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Sleipner A kilikuwa kikididimizwa polepole katika ghuba ya Gandsfjorden, karibu na Stavanger nchini Norway. Kilikuwa na vyumba 24 vilivyoshikamana, na baina yake nafasi za pembetatu zilizoingia maji. Kina kilipofika mita 65 hivi, ukuta wa nafasi mojawapo ulipasuka. Maji yalizishinda pampu. Kitako kikazama na kusagika, mshindo wake ukanaswa na mitambo ya kupimia matetemeko kwa kipimo cha 3 cha Richter. Hakuna aliyekufa. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700.

Uchunguzi ulionyesha kwamba vipande vya mwigo kwenye kuta hizo vilikuwa vichache na vyenye umbo lisilofaa, hivyo nguvu za mkato zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Ukuta ukatoka mwembamba, na baadhi ya nondo zikawa fupi. Programu ilikuwa imejibu vyema swali lililoulizwa vibaya (hali ambayo wasahihishaji wa mitihani wanaijua kinyumenyume). Hesabu iliporudiwa kwa uangalifu zaidi, ilibashiri kwamba ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Nadharia ile ile, katika mikono iliyoielewa, ilikosea kwa mita 3 tu.

Waliosanifu kitako kipya hawakuingoja tarakilishi irejeshewe imani. Walikokotoa kwa mkono, kwa mbinu za wazee wao, wakijua chimbuko la kila nguvu waliyoiandika. Matokeo mapya ya tarakilishi yalipopatikana, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kujengwa, na mwaka 1993 kitako hicho kiliunganishwa na sitaha yake.