Chewa Wakutanapo

Chewa wa Nassau huishi mpweke, kila mmoja pangoni mwake. Lakini Januari au Februari, mwezi uwapo mpevu juu ya Visiwa vya Cayman katika bahari ya Karibi, maelfu hukutana kwenye ncha ya mwamba kutaga mayai. Mwaka 2001 wavuvi waligundua makutano hayo kisiwani Little Cayman: samaki wapatao 7,000. Kwa misimu miwili wakavua 4,000 hivi. Nani angewalaumu? Mwenye watoto nyumbani haiachi riziki iliyojaa. Kumbe walikuwa wakimchinja kuku aliyeatamia.

Mwaka 2003 uvuvi ulipigwa marufuku mahali hapo wakati wa kutaga. Chewa hukawia kukomaa, hivyo subira ikawa ndefu. Kufikia 2018 idadi yao ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tatu. Hata hivyo sheria ya 2016 haikulegezwa: chewa watano kwa mashua kwa siku, na Desemba hadi Aprili, hata mmoja haruhusiwi.