Mzee wa Upande wa Pili wa Ubao

Wazee wenzangu hapa Mwisenge hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana muda na watu. Siafiki. Ukipita jioni utamkuta kijana ameinamia simu, eafoni masikioni, akizungumza na wenzake watatu: mmoja yuko Tarime, mwingine Mombasa, wa tatu hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi. Hao wanne ni kikosi. Wameshuka kwa miavuli kwenye kisiwa kisicho kwenye ramani yoyote, wao na wapinzani wakitimia 50, na baada ya dakika kumi hivi mshindi atajulikana. Gemu hiyo ni Free Fire, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore, ikatengenezwa ikubali hata kwenye simu ya bei nafuu. Ndiyo maana imetufikia.

Katika mkoa wetu wa Mara, jina au lafudhi tu humtambulisha mtu kuwa Mkurya, Mjita, Mzanaki au Mjaluo, na mara nyingi tumelitumia hilo vibaya. Kule kisiwani kijana hupimwa kwa namna anavyomlinda mwenzake. Nimemsikia mjukuu wangu akipanga mashambulizi, akimwahi aliyejeruhiwa, akimtuliza aliyekata tamaa. Huo ni uongozi, na moyo wangu ulifurahi.

Kinachoniuma ni kwamba watu wazima wengi hawauoni.

Watu wa Butiama husimulia kwamba Kambarage, aliyekuja kuwa Rais wetu wa kwanza, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere, alikuwa hodari wa soro, mchezo wa kete ulio jamaa ya bao. Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu alicheza naye, akaiona akili ya mtoto yule, akamshauri Burito ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka ipatayo 12, Kambarage akaanza masomo hapa hapa, Shule ya Mwisenge. Lau mtoto yule angekuwa anamfunga mtu asiye na sura, usiku wa manane chini ya shuka, nani angempelekea baba yake habari?

Na pasipo na mzee huingia mengi. Watu wazima huwaporomoshea watoto matusi. Pesa za bando na za kununulia mavazi ya mhusika wa kwenye gemu huchotwa kimya kimya kwenye simu ya mama. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, yaani pale mtu anaposhindwa kujizuia hata masomo, kazi na undugu vikiharibika. China nayo, mwaka 2021, iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa tatu tu za gemu za mtandaoni kwa wiki. Sheria ya namna hiyo hupunguza saa. Haimpi mtoto mtu wa kukaa naye.

Nawalaumu wazazi, na sisi mababu, kuliko watoto. Tuliwapa simu ili watulie, nao wakatulia mbali nasi.

Mzee mwenzangu, Jumamosi hii kaa na mjukuu wako, mwombe akufundishe. Muulize anacheza na akina nani, pesa zinatoka wapi, jana alilala saa ngapi. Na ukimwona ana kichwa cha kupanga na kuongoza, usinyamaze. Mwambie baba yake, mwambie na mwalimu wake.