Barua kwa Kakule

Mwanangu Kakule,

 Huku Beni sote wazima, bibi yako analalamikia goti tu. Habari ya pikipiki yako imetufikia, tukafurahi. Lakini tumeambiwa pia kwamba unateremka kutoka Bulengera hadi mjini Butembo na abiria watatu, kaske ya kukinga kichwa ikining'inia kwenye usukani, na permi ya kuendesha bado huna. Hapo kitumbua kimeingia mchanga.

Mtoto wa jirani yetu alipomgonga mwanafunzi kwenye barabara ya kwenda Butembo, mimi ndiye niliyefuatana naye parke, kwa mwendesha mashtaka. Hakuwa mlevi, alikuwa na haraka tu. Mama wa mwanafunzi aliketi mbele yetu akitoa risiti za hospitali moja moja kutoka mfuko wa plastiki, akizinyoosha juu ya paja. Tulilipa matibabu, tukaomba radhi, wazee wakapeana mikono. Faili haikufungwa, maana mapatano ya familia hayaizuii serikali kushtaki.

Watu husema ajali haina kinga, lakini hakimu haipokei methali hiyo. Kwenye ajali, sheria yetu ya jinai haiulizi kama ulikusudia; inauliza kama ulichukua tahadhari. Ukiua mtu kwa uzembe, ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Ukijeruhi, ni siku 8 hadi mwaka 1. Fidia ni deni lingine. Bila asirans, yaani bima, utalilipa mwenyewe, na baba yako atauza shamba.

Najua vijana hukimbia kwa kuogopa watu wenye hasira, wanaopiga na kuchoma pikipiki. Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo, kutoroka ni kosa la pili juu ya la kwanza. Ukiona roho yako iko hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ujitaje, useme majeruhi yuko wapi ili asaidiwe. Usiende kujificha kwa wajomba.

Basi shika haya: abiria mmoja, kaske kichwani, mwendo wa pole mbele ya shule. Siku ya kunywa pombe ya kasiksi, pikipiki ilale nyumbani. Na kuanzia leo usibebe mtu mpaka upate permi na asirans. Ukiona masharti haya ni mazito, mrudishie baba yako ufunguo, nami nitakutafutia kazi nyingine.

Nasubiri jibu lako.

Baba yako mdogo