Kobe mzee wa Mombasa na mtoto asiye wake

Wiki hii tunasafiri pamoja mpaka Mombasa, nchini Kenya. Njia yenyewe munaijua: ni ile ya malori yanayoleta bidhaa katika maduka yetu. Tukitoka Butembo tunapita Beni, tunavuka mpaka pale Kasindi, tunakata Uganda yote, na baada ya zaidi ya kilomita 1,500 tunaikuta bahari.

Karibu na bahari hiyo, upande wa Bamburi, kuna bustani ya wanyama inayoitwa Haller Park. Zamani palikuwa mashimo matupu, mahali walipochimba mawe ya kutengeneza simenti. Mwaka wa 1971 walianza kupanda miti ya mivinje. Miti ikakua, udongo ukarudi, wanyama wakaletwa. Kati yao wako kobe wakubwa wa Aldabra.

Aldabra ni kisiwa cha Ushelisheli, mbali ndani ya Bahari ya Hindi. Kobe dume wa huko anaweza kufikia kilo 250, sawa na mifuko mitano ya simenti. Gamba lake si nyumba anayoweza kuitoka, maana limeungana na mbavu na uti wa mgongo wake. Hana meno; anakata majani kwa mdomo mgumu. Asubuhi anakula. Jua likiwa kali anatafuta kivuli, kwa sababu joto kubwa linaweza kumwua. Akiogopa anaingiza kichwa haraka, na pumzi inatoka kwa sauti, kama ya nyoka. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 100.

Zamani mabaharia waliwabeba kobe wakiwa hai kama akiba ya nyama, kwa kuwa kobe anakaa miezi mingi bila kula wala kunywa. Visiwa vingi vikabaki bila kobe hata mmoja. Mwaka wa 1874 Charles Darwin na wataalamu wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius wakiomba wale wa Aldabra walindwe. Leo kisiwani wako karibu 100,000.

Lakini kobe hajui kulea. Jike anachimba shimo, anataga, anafukia mayai, kisha anaenda zake. Watoto wakitoka, kila mmoja anajitafutia chakula. Dume ndiye hajali kabisa.

Sasa musikilize. Mwezi wa Desemba 2004, mtoto wa kiboko alisukumwa na maji ya mafuriko mpaka baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 mawimbi makubwa ya tsunami yakapiga pwani. Kesho yake wavuvi na watu wengine walimkamata kwa nyavu. Alikuwa peke yake, bila mama. Walimpa jina Owen, la mmoja wa waliomwokoa, wakampeleka Haller Park.

Alipofunguliwa tu, alimkimbilia kobe dume aliyeitwa Mzee, aliyedhaniwa kuwa na miaka karibu 130. Akajificha nyuma yake. Mzee alikasirika, akatoa ile sauti, akaondoka. Owen akamfuata. Asubuhi watu waliwakuta wamelala pamoja. Siku zilizofuata mtoto alimfuata Mzee kila mahali na kujifunza kula majani kwa kumwangalia. Baadaye, alipokuwa mzito mno, walimtenga, asije akamwumiza mwenzake, akapewa rafiki kiboko.

Sisi tunawajua viboko, wako katika ziwa letu Edward, pale Kyavinyonge. Na watoto waliokimbia tunawajua vilevile. Tangu mwaka wa 2014, mauaji katika eneo la Beni yameleta watoto wengi katika nyumba zetu. Wengi wenu munalala mukeka mmoja na mwenzenu aliyefika usiku bila nguo ya kubadili. Labda siku ya kwanza hamukufurahi: bugali ilipungua, blanketi ilikuwa fupi.

Mzee naye hakufurahi siku ya kwanza. Hakuwa mama, hakuwa hata wa ukoo mmoja na Owen. Alichofanya ni kuacha kumkimbia, na hicho kilitosha kuanza. Wamama na wababa, jioni ya leo musomeeni watoto habari hii. Kisha mumuulize yule aliyekuja kwenu: kwao alipenda kula nini? Tupike hicho wiki hii, kama sokoni kinapatikana.